Rivolva za kale mnadani: chuma chenyewe, kopi, au karatasi zake?

Vijana wa Kamalondo na Katuba wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Yaya, naona rivolva ya Liège ya zamani kwenye mnada wa intaneti, bei bado iko euro mia mbili. Nitupe dau?" (Rivolva ni bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, na Liège ni mji wa mafundi wa silaha huko Ubelgiji.) Nami huwarudishia swali: itakaa wapi? Ikiwa jibu ni nyumbani kwako hapa Lubumbashi, mazungumzo yanakuwa mafupi. Ikiwa ni kwa kaka yako aliyeko Liège au Lyon, mwenye makaratasi yake ya huko, tunaweza kuvuta viti. Na iko njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote, ya kukusanya habari za rivolva bila kumiliki hata moja. Nitazipanga hizi mbele yako, ila sitajifanya nazipenda sawasawa.

Chuma chenyewe, hapa mjini

Silaha na risasi Kongo zinatawaliwa na ordonansi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kuingiza na kumiliki silaha kunataka kibali cha serikali. Juu yake kuna Mkataba wa Kinshasa wa 2010 kuhusu silaha ndogo katika Afrika ya Kati, ulioanza kutumika 2017. Hapo ndipo wengi wanaponijia na hoja ya "lakini hii ni antika". Wameisoma kwenye tovuti ya muuzaji. Ni kweli kwamba Marekani, sheria ya shirikisho inahesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa kitu cha kale. Ni kweli pia kwamba Ufaransa mifano ya kabla ya tarehe 1 Januari 1900, kwa kawaida, iko katika daraja lililo jepesi zaidi. Lakini mistari hiyo ni ya kwao. Haisafiri pamoja na kifurushi. Mtu wa duane, yaani forodha, pale uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa ataona mtutu, silinda na kifyatulio, na hana sababu ya kusoma maelezo ya mnadi wa Paris.

Tena huu ni mji ambao Machi 2013 uliona wanamgambo wa Bakata Katanga wakiingia mitaani mchana. Askari aliyeishi siku ile hatapindua bastola yako kutafuta alama ya kiwanda. Basi kwa chuma halisi kuletwa hapa, jibu langu ni hapana, hata muuzaji akikuambia haina risasi zake tena duniani.

Ila usidhani rivolva ni mgeni katika historia yetu. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, Mwami M'siri aliuawa kwa risasi za bastola ya Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga, na Bodson mwenyewe hakutoka hai. M'siri alikuwa amejenga dola yake kwa kubadilisha shaba, pembe na watumwa kwa bunduki na baruti. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa Brussels na kutia sahihi Hati ya tarehe 2 Julai 1890. Hati hiyo ilizuia bunduki za kisasa kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Gobore za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliachiwa. Bunkeya na ardhi hii ya Lubumbashi zote zimo katikati ya mistari hiyo. Ukijiuliza kwa nini kijijini wawindaji bado wanafua pupu, bunduki za kienyeji, kwa bomba la chuma, na rivolva iko kwenye picha za maofisa wazungu tu, sehemu ya jibu iko pale. Mkusanyaji wa Katanga anayeijua habari hii ameshamzidi yule wa ng'ambo mwenye kabati limejaa rivolva za Colt za Marekani.

Iliyolemazwa, na kopi

Hizi mbili nitazipita haraka kwa sababu kwetu zina ugonjwa mmoja.

Silaha iliyolemazwa ni ya kweli, ila imekatwa na kuchomelewa ili isifyatue tena. Umoja wa Ulaya una kanuni moja kwa wote, namba 2015/2403, iliyotungwa Desemba 2015. Ilitoka baada ya kuonekana kwamba silaha zilizozimwa kizembe zilikuwa zinafufuliwa na kurudi mikononi mwa wauaji. Kazi hiyo sasa ni kali: mtutu unapasuliwa, silinda inaharibiwa, cheti kinatolewa. Mkusanyaji wa kweli anaumia kuiona rivolva ya 1870 imechomelewa, na bei yake inaanguka. Unalipia kitu cha kale kilichokatwa moyo, na bado machoni pa polisi ni bastola.

Kopi nazo ziko za aina mbili, na hapa fungua macho, kwa sababu kwenye mnada zinawekwa ukurasa mmoja na picha zinafanana. Ziko kopi za mapambo, kama za Denix wa kisiwa cha Menorca, Hispania, waliopo tangu 1966, zinazotengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki na haziwezi kupokea risasi. Halafu ziko kopi za Waitaliano kama Uberti, zinazofyatua kwa baruti nyeusi na fataki. Hizi za pili ni silaha kamili, zinaua kama Colt ya 1851 ilivyoua. Ukisoma neno "kopi" ukadhani ni kitu cha kuchezea, umejitia matatani mwenyewe. Hata ile ya zinki, kampuni nyingi za kusafirisha mizigo kwa haraka zinaikataa, na ndani ya begi la abiria kwenye mashine ya uwanja wa ndege inaonekana vile vile kama ya kweli. Kikundi cha maigizo kinachohitaji bastola kimwendee seremala.

Kwa ndugu aliye ng'ambo: ipi?

Hapa ndipo pana utamu. Tuseme dada yako anaishi Ubelgiji au Ufaransa, ni mkazi halali, anapenda jambo hili pamoja nawe, na amekwenda mwenyewe kuuliza sheria ya pale anapoishi. Ubelgiji ilikaza sheria yake 2006, kwa hiyo aulize kwanza, anunue baadaye. Mali itakuwa yake kwa jina na kwa kabati. Wewe utakuwa jicho na kichwa. Muanze na ipi?

Mimi nasema Liège, na katika Liège, rivolva ya kipini. Mfaransa Eugène Lefaucheux alitoa rivolva yake ya 1854, na jeshi la majini la Ufaransa likaichukua 1858. Kila risasi ina kipini kidogo cha shaba kinachochomoza ubavuni, na silinda ina vijishimo pembeni ili vipini hivyo vitokeze. Nyundo inapiga kipini, si kitako cha risasi. Mafundi wa Liège walizitengeneza kwa wingi wa ajabu, nyingine nzuri, nyingine za ovyo kabisa, na kwa sababu hiyo leo iliyo ya kawaida bado inapatikana kwa mia chache za euro. Hakuna rivolva ya karne ya 19 inayokupa umri mwingi kwa pesa ndogo namna hiyo.

Usidanganywe na bei za magazetini. Rivolva ya kipini ya milimita 7, ambayo mshairi Paul Verlaine aliinunua Brussels asubuhi ya tarehe 10 Julai 1873 na siku hiyo hiyo akampiga nayo mshairi mwenzake Arthur Rimbaud mkononi, iliuzwa na nyumba ya mnada ya Christie's mjini Paris Novemba 2016 kwa euro 434,500. Lefaucheux iliyookotwa shambani Auvers, Ufaransa, inayodhaniwa ndiyo mchoraji Van Gogh alijipigia, ilifika euro 162,500 Juni 2019. Watu walilipia Verlaine na Van Gogh. Chuma chenyewe, bila majina hayo, dada yako angekibeba kwa bei ya simu nzuri.

Nagant ni nduguye wa mji ule ule. Ndugu wawili, Émile na Léon Nagant, walikuwa na karakana Liège, na mfano wao wa 1895 ukawa rivolva ya jeshi la Urusi. Za kwanza zilitoka Liège, kisha kiwanda cha Tula kikachukua kazi. Ina risasi saba badala ya sita, na ina ufundi ambao mwingine hana: ukivuta nyundo, silinda nzima inasogea mbele na kuziba pengo kati yake na mtutu, hewa ya moto isivuje. Kwa mpenda mashine, hii inafurahisha kuliko Colt. Tatizo lake ni wingi. Nyingi zilipitia maghala ya Kisovieti, zikapakwa weusi upya mzito, na namba za zamani zikafutwa zikapigwa mpya ili vipande vilingane. Ukiona kimraba chenye mstari wa mshazari, ujue imekarabatiwa. Ya Liège isiyoguswa ni jambo jingine na bei nyingine. Tena risasi zake zilitumika hadi vita vya pili, na kwa hiyo nchi nyingi haziichukulii kirahisi kama ile ya kipini.

Webley ya Uingereza inafunguka katikati kama bunduki ya kuwindia ndege, maganda yote yanaruka nje kwa mara moja. Mfano wa kwanza wa jeshi ni wa 1887, na wa sita, ule mzito, ni wa 1915. Ilijaa mikononi mwa maofisa wa makoloni ya Uingereza. Kasoro ya kutafuta kwenye picha ni moja: nyingi zilizokwenda Marekani zilikwanguliwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za Kimarekani za .45. Mnadi mwaminifu atasema. Asiye mwaminifu atapiga picha kutoka upande mwingine.

Na Colt ya 1873, ile ya sinema za kauboi? Iache. Ni nzuri, na ndiyo inayoigizwa kuliko zote. Kiwanda cha Colt kinauza barua kutoka kwenye daftari zake inayoonyesha namba fulani ilitoka lini na kwenda kwa nani, na bila barua ile unanunua hadithi. Hadithi inaweza kuwa ghali: Colt ambayo mkuu wa polisi Pat Garrett alimwulia jambazi Billy the Kid ilipita dola milioni 6 kwenye mnada wa Bonhams Agosti 2021. Soko lenye pesa za namna hiyo lina mafundi wa uongo wa kiwango hicho hicho. Kwa mtu anayetazama kupitia simu akiwa Lubumbashi, uwanja huo si wake.

Kusoma picha

Haya ndiyo mtu wa mbali anaweza kuyafanya vizuri kuliko mwenye haraka aliye ukumbini. Vuta picha hadi uone kingo za chuma. Kingo za kiwanda ni kali. Zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, kuna aliyepiga msasa akapaka rangi upya. Angalia herufi: zikiwa zimefifia upande mmoja wa mtutu na upande wa pili ziko wazi, jibu ni lile lile. Angalia tundu za skrubu, maana msasa huzipanua zikawa kama visahani. Vidoa vya kutu vilivyo chini ya rangi nyeusi inayong'aa vinaonyesha kwamba kutu ilitangulia na rangi ikaja baadaye.

Kwa za Liège, omba picha ya nyuma ya silinda. Tafuta umbo la yai lenye herufi ELG na nyota ndani yake. Hiyo ni alama ya nyumba ya kujaribia silaha ya Liège. Kuanzia 1893 waliiongezea taji juu. Yai bila taji linakuambia rivolva ilijaribiwa kabla ya mwaka huo, na maneno matamu ya katalogi yakipingana na yai, amini yai. Kwenye za kipini, uliza pia kama fimbo ya kusukumia maganda ipo na kama kifyatulio cha kukunja bado kina springi yake. Vipande hivyo hupotea sana, na muuzaji huwa "amesahau" kuvitaja.

Mpini wa pembe ya ndovu unahitaji aya yake. Unapendeza, na sisi tunajua ilikotoka. Biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa kwa uamuzi wa 1989, na baadaye Ulaya na Marekani zimekaza zaidi hata kwa vitu vya kale. Rivolva yenye mpini huo inaweza kukwama hata kati ya nchi mbili za Ulaya. Chukua yenye mpini wa mti wa jozi.

Mnada upi?

eBay ilijitoa kwenye silaha tangu 1999, kwa hiyo usipoteze muda huko isipokuwa kwa karatasi na ala za ngozi za kuwekea bastola. Waliobaki ni wa namna mbili. Ziko nyumba za mnada zenye wataalamu, kama Hermann Historica ya Munich au Rock Island ya Marekani, pamoja na nyumba ndogo ndogo za Ufaransa na Ubelgiji zinazouza kupitia majukwaa ya pamoja. Halafu ziko tovuti za watu kwa watu kama GunBroker, ambako muuzaji anaandika anavyotaka. Kwa mgeni, nyumba yenye mtaalamu, hata ikiwa ndogo. Inakuandikia ripoti ya hali ya kitu ukiomba, na kilichoandikwa kwenye katalogi kina mtu wa kukijibia. GunBroker ni ya mtu anayeishi Marekani na anayejua kumfuata muuzaji.

Kinachowaumiza watu wetu ni hesabu. Dau si bei. Chukua mfano wa dau la euro 200 lililoshinda. Nyumba ikichukua kamisheni ya asilimia 25, tayari ni 250. Kodi juu ya kamisheni hiyo inafuata, ukinunua kupitia jukwaa la pamoja kuna asilimia nyingine chache, halafu kufunga, kusafirisha na bima. Rivolva ya mia mbili inaweza kukaribia mia tatu na nusu kabla dada yako hajaigusa. Panga kiwango chako cha mwisho ukiwa umeshajumlisha hayo yote, mwachie mnadi dau lako kwa maandishi, kisha ukalale. Wanaokaa macho wakibonyeza bonyeza ndio wanaolipia nyumba za mnada umeme.

Karatasi na ngozi

Sasa njia yangu. Kataloga za zamani za FN ya Herstal, iliyoanzishwa 1889. Zile kubwa za Saint-Étienne, ambako Manufacture Française d'Armes et Cycles iliuza bunduki na baiskeli ndani ya kitabu kimoja. Hati miliki zenye michoro, ankara za maduka ya silaha, postikadi za Élisabethville (jina la kale la Lubumbashi), picha za maofisa wa Force Publique, jeshi la koloni, wenye ala ya ngozi kiunoni, na ala zenyewe. Delcampe, tovuti ya Kibelgiji iliyoanza 2000, imejaa vitu hivi, na mara nyingi bei inaanza kwa euro chache tu. Ushindani ni mdogo kwa sababu wenye pesa wamekimbilia chuma.

Usidhani ni masalio ya maskini. Fungua ukurasa wa rivolva katika kataloga ya miaka ya 1900. Mchoro umechongwa mstari kwa mstari, unahesabu skrubu. Chini yake kuna kipimo cha risasi, uzito, chaguo la nikeli au weusi, mpini wa mpira au wa pembe, na bei kwa kila chaguo. Pembeni utakuta "vélo-dog", rivolva ndogo ya miaka ya 1890 iliyobuniwa na Galand kwa ajili ya waendesha baiskeli waliosumbuliwa na mbwa. Bastola ya kupigia mbwa wa jirani, imetangazwa kama pampu ya tairi! Chuma chenyewe hakiwezi kukuambia hayo. Ukurasa unakuambia nani alilengwa kuuziwa, kwa hofu gani, kwa franga ngapi.

Kwetu karatasi ina faida nyingine. Postikadi ya mtaa wa Élisabethville yenye kibao cha duka, na picha ya ofisa mwenye mkanda na ala, zinaweza kusomwa pamoja na wazee waliobaki. Mzee mmoja wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi aliwahi kunionyesha kwa kidole, kwenye picha kama hiyo, kamba inayotoka kwenye kitako cha bastola hadi shingoni mwa ofisa. Akasema, "Hii ilikuwa asiipoteze akianguka mtoni." Mkusanyaji wa Texas hawezi kupata maelezo hayo kwa dau lolote.

Udhaifu wake? Unyevu na mchwa, kwanza kabisa. Masika yetu hayahurumii karatasi, kwa hiyo nunua sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana kabla hujanunua kataloga. Kopi zilizochapwa upya miaka ya karibuni zipo nyingi, ila karatasi yao ni nyeupe mno na picha zina vidoti ukizitazama kwa kioo cha kukuzia. Ala ya ngozi iliyokauka usiipake mafuta ya kupikia. Inaoza. Maganda ya risasi matupu usiyaagize kabisa, hata yakiwa ya kale, kwa sababu yatakurudisha kwenye matatizo yale yale ya duane.

Kuyafikisha Lubumbashi si kazi ngumu. Agiza kwa jina la ndugu wa Ulaya, akusanye hadi kuwe na fungu la maana, kisha lije na abiria wa kuaminika anayepitia Addis. Vitu viwekwe bapa kati ya makaratasi magumu mawili, kila kimoja na ankara yake, na bahasha isifungwe kwa gundi. Duane wakitaka kutazama, wafungue, watazame postikadi, wairudishe ndani.